Fomu ya Ridhaa kwa Kiswahili, Matokeo kwa Kiingereza

MDODOSAJI: Tuanze na karatasi. Fomu ya ridhaa anayopewa mama kabla mtoto wake hajachomwa kidole huandikwa kwa Kiswahili, na kamati ya maadili ikikuta sentensi isiyoeleweka huirudisha. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi, kisha huweka dole gumba. Lengo la utafiti, hatari zake, haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu, yote anaelezwa. Baada ya miaka mitatu minne makala inatoka kwenye jarida la London au Boston, na humo hamna hata aya moja ambayo mama yule ataisoma. Nasema hivi: mtafiti yeyote, wa tiba, wa uhandisi au wa jamii, asipewe kibali kipya mpaka awe amerudisha matokeo ya utafiti uliopita, kwa Kiswahili, kwa watu wale wale.

DAKTARI MTAFITI: Hoja tamu kuisikia. Taabu yake ni kwamba matokeo hayakamiliki siku moja. Chukua Idete, kijiji cha Bonde la Kilombero. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijaribiwa pale chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Mwaka 1994 majibu yakatangazwa: kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano, chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Tuseme mwaka ule ule tungeitisha mkutano chini ya mwembe, tukawaambia wazazi kinga imepatikana. Mwaka uliofuata likatoka jaribio la Gambia, kwa watoto wadogo zaidi. Mwaka 1996 likatoka la Thailand. Yote mawili hayakuona kinga, na chanjo ikaachwa. Wazazi wa Idete ungekuwa umeshawaambia nini?

MDODOSAJI: Yale yale yaliyoandikwa jaridani. Makala ile ilisema asilimia 31, ikasema pia kwamba kwa hesabu zao kinga yenyewe ingeweza kuwa popote kati ya sifuri na 52. Mkulima wa mpunga wa Kilombero hashtuki akiambiwa hivyo. Yeye kila msimu anamwaga mbegu bila kujua mto utapanda kiasi gani, na bado anajua tofauti ya mwaka wa matumaini na mwaka wa hakika. Mwaka 1995 ningerudi nikawaambia Gambia hawakuona kitu. Mnawaamini wazazi kuelewa hatari siku ya kutoa damu. Siku ya majibu mnasema hawaelewi shaka.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Na msiporudi, mnadhani sisi tunakaa bila majibu? Damu za watoto zimechukuliwa, gari limeondoka, kimya. Mwaka wa kwanza watu wanauliza. Mwaka wa pili mmoja anasema damu inauzwa. Mwaka wa tatu ninyi ni mumiani, na mimi ndiye ninayebaki kuwatetea watu nisiojua wanakoishi, kwa maelezo ambayo sikupewa. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni nimepokea wengi.

DAKTARI MTAFITI: Mwenyekiti, habari za mumiani zilikuwapo enzi za ukoloni, kabla hata hizi chanjo hazijaanza kujaribiwa. Mkutano mmoja hauzifuti. Ila nakubali kimya chetu kinazinenepesha. Mrejesho siupingi mimi. Napinga amri inayoufanya uwe sharti la kibali. Ukishaweka sharti, utaletewa mikutano ya kutimiza sharti: watu ishirini, soda, picha ya pamoja, ripoti imejazwa. Tunazijua semina za namna hiyo.

MDODOSAJI: Tunazijua. Tunajua pia fomu za ridhaa zinazosainiwa kwa haraka ili idadi ya siku itimie. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo ridhaa ifutwe.

DAKTARI MTAFITI: Basi nilitetee jarida, maana hapa limefanywa mshitakiwa. Mnaliona ngazi ya kupandia cheo, na kweli wapo wanaolipanda kwa hilo tu. Lakini kuna mambo ambayo bila jarida hakuna ambaye angeyaamini. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio lililoitwa FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi. Watoto 3,141, wote na homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Mwongozo uliofuatwa na wengi duniani ulisema mtoto wa namna hiyo atundikiwe dripu ya maji mengi kwa kasi. Watoto wakagawanywa kwa bahati nasibu. Makundi mawili yalipata dripu ya kasi, moja ya maji ya chumvi na lingine ya albumini. Kundi la tatu halikupewa maji hayo ya kasi. Baada ya saa 48, kundi la tatu lilikuwa limepoteza watoto 7 na ushee katika kila 100. Yale mawili yalipoteza kama 10 na nusu. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Yaani dripu ndiyo ilikuwa inaua.

DAKTARI MTAFITI: Dripu ya kasi, kwa watoto wa aina hiyo, katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia. Ndiyo. Kwa kila watoto 100, watatu zaidi walikufa kwa tiba tuliyoiamini. Baadhi ya mabingwa wa nchi tajiri walibisha, Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo lilichukua miaka kurekebisha mwongozo wake. Kilichowasogeza ni namba zilizochapishwa zikiwa zimepekuliwa na watu waliotamani zisiwe kweli. Mkutano wa kijiji usingeweza kazi hiyo, hata ungehudhuriwa na watu elfu tano. Mtoto anayelazwa leo na hatundikiwi dripu ile analindwa na makala ya Kiingereza ambayo mama yake hataisoma kamwe.

MDODOSAJI: Watatu zaidi katika kila mia. Sasa mama aliyempoteza mwanawe kwenye kundi la kasi, kwa kanuni unayoitetea, anatakiwa ajue au asijue?

[Hapa mwandishi anaingilia kidogo. Swali hili ndilo lililonifanya niandike mjadala badala ya makala yenye msimamo. Nimewaachia wenyewe.]

DAKTARI MTAFITI: Nenda wewe ukabishe hodi. Umwambie mama, mwanao aliwekwa kundi hili kwa bahati nasibu, na katika kundi hili walikufa wengi zaidi. Atakuuliza jambo moja tu: je, wangu angepona? Jibu la kweli ni kwamba hakuna ajuaye. Wengi wa kundi la kasi walipona. Katika kundi lile lingine nako wapo waliokufa. Ile tofauti ya watatu iko kwenye mia. Ndani ya nyumba moja haionekani. Utakuwa umempelekea mama swali ambalo sayansi yote haiwezi kulijibu, kisha unapanda pikipiki unarudi mjini.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Daktari, mimi habari za msiba nimezipeleka milango mingi. Watu huvumilia habari. Wasichovumilia ni kuja kugundua kwamba mwingine alijua kabla yao. Hukuhitaji kwenda nyumba kwa nyumba. Ungesimama mbele ya tarafa nzima ukasema: tulidhani dripu ya haraka inaokoa, tumegundua haiokoi, watoto wenu ndio walioionyesha dunia, na waliotangulia tunawaombea.

DAKTARI MTAFITI: Na mama yule yumo kwenye mkutano. Atajihesabia mwenyewe.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Atajihesabia. Ni mtu mzima.

MDODOSAJI: Hilo hata kanuni zenu zinalisema. Azimio la Helsinki, mnaloapa nalo kila mnapoandika andiko la mradi, katika toleo la mwaka 2013 linataka kila aliyeshiriki apewe nafasi ya kuambiwa matokeo ya jumla ya utafiti. Apewe nafasi, maana yake aulizwe: utapenda kujua? Asiyetaka aachwe. Katika fomu zote nilizowahi kusoma mlangoni kwa watu, swali hilo nimeliona mara chache sana.

MWANASOSHOLOJIA: Mnanipa wasiwasi nyote. Mnazungumza utadhani kijiji ni mtu mmoja mwenye masikio mawili. Nami naupenda mrejesho, nimeufundisha miaka mingi, ila nataka mnieleze hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika nchi kadhaa kuhusu ukatili wa waume kwa wake zao. Kwa Tanzania maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Dar es Salaam na Mbeya. Wanawake waliowahi kuwa na mwenzi walioeleza kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa naye walikuwa 41 kwa kila 100 Dar es Salaam, na 56 kwa kila 100 Mbeya. Mwongozo wa usalama wa tafiti hizo unaelekeza kwamba nyumbani na mtaani utafiti utambulishwe kuwa ni wa afya na maisha ya wanawake. Kiini chake anaelezwa mwanamke mwenyewe, faraghani, kabla hajakubali. Mnajua kwa nini. Sasa amri yenu ya mrejesho kwa watu wale wale, inatekelezwaje? Tunapiga mbiu, wanaume wanakaa mbele, tunatangaza kwamba wake zenu walitwambia?

MWENYEKITI WA KIJIJI: Subiri kwanza. Kwa hiyo barua za utambulisho zinazoletwa ofisini kwangu zinaweza kuwa na jina la mbele na jina la nyuma?

MWANASOSHOLOJIA: Zinaweza.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Na mimi nikagonga mhuri nisichokijua.

MWANASOSHOLOJIA: Mzee wangu, wewe ni mwenyekiti, na wewe pia ni mume wa mtu. Mwongozo ule haukukudharau wewe. Ulihesabu kwamba katika kila vijiji kadhaa yupo mwenyekiti mmoja ambaye mkewe angepigwa jioni ile ile kwa kujibu dodoso. Hatuna njia ya kumjua ni yupi.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Nimekusikia. Sijapendezwa, ila nimekusikia.

MDODOSAJI: Dada, mfano wako unanibana, sikatai. Lakini hauvunji hoja, unaitaka iwe na akili. Majibu ya Mbeya yangeweza kurudi bila jina la kijiji: kwa manesi wa kliniki ya wajawazito, kwa mahakama ya mwanzo, kwa vikundi vya VICOBA ambako wanawake wanakaa peke yao. Kurudisha si lazima kupiga mbiu.

MWANASOSHOLOJIA: Sasa hapo umeshaacha kusema watu wale wale. Unasema watu watakaochaguliwa kwa busara, na mwenye kuchagua ni mtafiti. Umemrudishia madaraka yale yale uliyokuja kumnyang'anya.

MHANDISI: Niruhusiwe? Maana ninyi mnagombania makaratasi, kama yaandikwe kwa lugha gani na yasomwe wapi. Kwetu matokeo ni kitu kinachofanya kazi au kisichofanya kazi. Njooni Arumeru. Meno ya kahawia ya watu wa kule yanajulikana nchi nzima, na watoto wengine miguu imepinda. Chanzo ni madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano kuingia majini. Hili limejulikana kisayansi miaka mingi mno. WHO ikisema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango chetu cha taifa kilikaa muda mrefu kwenye miligramu 4, kwa sababu tungefuata cha WHO visima vingi vingefungwa na watu wasiwe na maji kabisa. Makala zimeandikwa juu ya floraidi za kujaza kabati. Kilichomsaidia mama wa Meru ni chujio.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Kwa hiyo mlijua kwamba maji yanapindisha miguu ya watoto, na watu wakaendelea kuchota?

MHANDISI: Wataalamu walijua, serikali ilijua, na hata wenyeji walijua kwa macho kwamba kuna visima na visima. Ngurdoto kilijengwa kituo cha kutafiti namna ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mkaa ule unafanya kazi. Baadaye Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha akatengeneza chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, likashinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015. Hakuna aliyeuliza muhtasari wa Kiswahili. Watu waliuliza bei ya ndoo ya maji.

MWANASOSHOLOJIA: Kaka, na mkaa wa mifupa? Unajua vizuri kwamba kila unakopelekwa, swali la kwanza ni mifupa ya mnyama gani. Mwislamu anataka kujua, Mhindu anataka kujua, na asiye na dini anasikia kichefuchefu tu. Chujio bora linaweza kukaa sebuleni limefunikwa kitambaa. Kitu kinachofanya kazi maabara hakijafanya kazi mpaka mtu akitumie.

MHANDISI: Hilo nalikubali bila ubishi. Ndiyo maana wengine wetu tunakaa na mafundi wa kijijini muda mrefu kuliko tunaokaa na wahariri wa majarida. Na hapo ndipo tunapoumia. Siku ya kupandishwa cheo chuoni, chujio linalotumiwa na kaya mia tano linahesabiwa kidogo sana mbele ya makala mbili ambazo zitasomwa na watu kumi na wawili. Mkitaka amri, anzeni hapo. Msiombe kibali kizuiwe. Ombeni cheo kizuiwe.

DAKTARI MTAFITI: Makala za watu kumi na wawili ni makala mbaya, kaka. Usizitumie kupima nzuri.

MWANASOSHOLOJIA: Mimi naona mnaanzia mwisho. Mkifika siku ya kurudisha, mmeshachelewa, maana swali liliulizwa bila wao. Bagamoyo, kuanzia 1975 hadi 1979, ulikuwapo mradi wa Jipemoyo wa Watanzania na Wafini, na Marja-Liisa Swantz alikuwa mmoja wa walioubeba. Watafiti walikaa vijijini, wakatafiti pamoja na wanavijiji, wafugaji na wakulima, na maswali yakabadilika humo humo kutokana na yale waliyoyaona wenyeji. Hapakuwa na siku ya kurudisha matokeo kwa sababu hayakuwa yameondoka.

DAKTARI MTAFITI: Na hesabu zake ungempa nani azirudie? Nikikaa kijijini nikabadili swali kila mwezi, mwishoni nina urafiki mwingi na ushahidi haba. Jaribio la dawa haliwezi kubadilishwa njiani kwa sababu mzee mmoja amesema neno zuri.

MWANASOSHOLOJIA: Jaribio la dawa, sawa. Lakini nani aliamua itafutwe dawa ya ugonjwa huu na siyo ule? Hapo mzee angeweza kusema neno.

MHANDISI: Swali linaweza kutoka popote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Tanga, aliweka maziwa ya moto kwenye friza kutengeneza aiskrimu, yakaganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Akauliza, akachekwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza tena mgeni aliyekuja kuhutubia, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam. Osborne hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, jina la Mpemba likitangulia. Leo fizikia dunia nzima ina jambo lenye jina lake.

DAKTARI MTAFITI: Asante, umenifanyia kazi. Lilichapishwa kwenye jarida, kwa Kiingereza, ndipo likawa la dunia. Na mwaka 2016 watafiti wengine walipima upya kwa uangalifu na kuandika kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha. Ubishi haujaisha. Kama lingebaki simulizi la Magamba, hakuna ambaye angejisumbua kulipinga, na jambo lisilopingwa halikui.

MDODOSAJI: Daktari, unatetea kitu ambacho hakuna anayekishambulia. Chapisheni. Chapisheni kwa Kiingereza, Kifaransa, Kichina. Nachouliza ni kwa nini anayelipwa kwa kipande cha sabuni na nauli ya kwenda zahanati asipewe na jibu.

DAKTARI MTAFITI: Kwa Kiswahili?

MDODOSAJI: Kwa Kiswahili.

DAKTARI MTAFITI: Katika zile hospitali sita za FEAST, nne zilikuwa Uganda. Mulago, Mbale, Soroti, Lacor. Kiswahili chako kitamfaa bibi gani wa Soroti? Hata Kilifi kwenyewe, nje ya mji, mkutano ukitaka uchangamke unaufanya kwa Kigiriama. Mnaiita haki ya watu, kumbe ni lugha ya ofisi nyingine.

MDODOSAJI: Hapo umenipata, narekebisha. Kwa lugha ile ile iliyotumika kuomba ridhaa. Mlipotaka damu ya Soroti mliipata njia ya kuzungumza na Soroti. Njia hiyo haijaota majani.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Mimi nina neno juu ya hizo damu. Chanjo ya malaria hii mpya, ile ya RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto 15,459, nchi saba za Afrika. Kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Ilianza 2009, ikaisha 2014. Nina ndugu Korogwe, walipeleka watoto. Mwaka 2019 ilipoanza kutolewa kwa majaribio kwenye kliniki za kawaida ilitolewa Malawi, Ghana na Kenya. Ndugu zangu waliisikia redioni. Sikatai Wamalawi wapewe. Nauliza tu, aliyetangulia kutoa mkono alipaswa kuambiwa na redio?

DAKTARI MTAFITI: Uchaguzi wa nchi zile haukufanywa na watafiti, Mwenyekiti. Ni WHO na serikali.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Kila nikiuliza, uamuzi umefanywa na mtu ambaye hayupo. Nikiuliza maji, ni serikali. Nikiuliza chanjo, ni WHO. Nikiuliza karatasi, ni jarida. Ninyi mnaokuja hamjawahi kuamua kitu?

DAKTARI MTAFITI: Tunaamua machache kuliko unavyodhani. Mradi una miezi 36. Miezi sita ya mwanzo inaliwa na vibali: taasisi yangu, NIMR ya utafiti wa magonjwa, COSTECH ya sayansi na teknolojia, mkoa, wilaya. Miezi sita ya mwisho naandika ripoti ya mfadhili. Siku ninapopata majibu ya kuaminika, mikataba ya wadodosaji imeisha, gari limerudishwa, na mstari wa mrejesho kwenye bajeti ulikatwa tangu mwanzo, maana kila bajeti ikizidi huo ndio unaokatwa wa kwanza. Nataka kurudi. Nirudi na nini?

MDODOSAJI: Na mimi niseme upande wangu wa bajeti hiyo. Anayeutafsiri muhtasari ni mimi, usiku, kwa simu yangu, baada ya mkataba kuisha. Jina langu linakaa kwenye shukrani, chini ya dereva. Mwaka unaofuata mradi mwingine unakuja, unanihitaji kwa sababu najua njia za vitongojini na watu wananifungulia. Wananifungulia mimi, Daktari. Wakiuliza la mwaka jana liliishaje, nabaki nikicheka kama mjinga.

MHANDISI: Wekeni asilimia fulani ya bajeti isiyokatwa. Kama fedha za ukaguzi wa hesabu. Hizo mbona hazikatwi?

DAKTARI MTAFITI: Kwa sababu mfadhili anazitaka.

MHANDISI: Na nchi haiwezi kutaka?

DAKTARI MTAFITI: Nchi inaweza. Wasan wa Afrika Kusini hawakungoja hata nchi. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe na kuzitaka zifuatwe na kila anayekuja kuwatafiti. Lakini ukizidisha masharti, mradi unahamia kwa jirani asiye na masharti. Nimeuona ukihama. Zahanati iliyokuwa ikitarajia darubini na friji ikabaki na kandili.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Mwanangu huyu akisema hatakwenda nyumba ya kwanza mpaka majibu ya zamani yarudi, mtafanyaje?

DAKTARI MTAFITI: Wapo vijana wengi wenye shahada wanaoitafuta kazi yake.

MDODOSAJI: Wapo. Wajaribu kubisha hodi.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Na barua ya utambulisho bado inapita ofisini kwetu. Mtendaji hagongi mhuri bila mimi kujua. Nikisema hapana, mtahamia kata ya pili. Kata ya pili mwenyekiti wake namjua, na simu yake ninayo.

DAKTARI MTAFITI: Mkifunga kata zote, ni watoto wenu watakaokosa jaribio linalofuata. Hilo nalisema bila kutisha mtu.

MWENYEKITI WA KIJIJI: Unalisema bila kutisha, na mimi nafunga bila chuki. Leta majibu ya zamani, nifungue.

MWANASOSHOLOJIA: Na wale wa Mbeya? Utafiti wao ungetaka mhuri huo huo. Ukinidai majibu ya zamani mbele ya halmashauri ya kijiji ndipo unigongee, nitakupa nini, mzee wangu?

MWENYEKITI WA KIJIJI: Utampa mama watoto.

MWANASOSHOLOJIA: Akiisha kunipokelea, utamuuliza nimempa nini?